Mikokoa mitatu ya babu ina mbegu nyeupe. Tung'oe, au tupime vinasaba kwanza?

MwalimuWaIpinda (Soweto, Moshi)

Shikamooni wakubwa, na wa rika langu habari za jioni. Mimi niko Moshi lakini jambo lenyewe liko Kyela, na nahitaji kusikia wanaojua kabla sijapanda basi la kwenda nyumbani likizo ya Juni.

Babu mzaa baba alipanda kokoa Ipinda mwanzoni mwa miaka ya 1970. Shamba ni ekari mbili na robo, kokoa chini, migomba na miembe inatia kivuli juu. Baba alilitunza mpaka alipofariki mwaka juzi, likabaki mikononi mwa mdogo wangu, mimi nikiwa huku nafundisha. Mdogo wangu si mvivu hata kidogo. Ila masika mawili mfululizo matunda yamegeuka meusi na kuoza yakiwa mtini, na amekata tamaa. Kuna kitalu kando ya barabara kinauza miche inayoitwa "chotara". Ameshalipia nusu ya miche 600. Mwezi wa saba anataka kung'oa mikokoa yote.

Kinachoninyima usingizi ni mikokoa mitatu iliyo nyuma ya jiko la bibi, upande wa mtoni. Tangu utotoni naijua. Ukipasua tunda lake, ukaikata mbegu kwa kisu, ndani ni nyeupe, kama maziwa yaliyodondoshewa chai kidogo. Shamba lote lililobaki mbegu ni zambarau iliyokolea. Matunda yake nayo ni mengine: marefu, yenye mifereji, ngozi ina vinundu, na yakiwa machanga yana wekundu. Bibi alikuwa akizivundika mbegu zake peke yake, anazianika siku mbili tatu kabla ya nyingine. Alisema hazina ukali, na kwamba ukizichanganya na zile za zambarau utaziharibu zote. Hakuwahi kutuambia babu alizipata wapi, na sisi hatukuuliza mpaka akaondoka nalo.

Pasaka niliyopita nilipasua tunda moja la mti wa katikati, nikakata mbegu 20 nikazihesabu. 17 nyeupe, 3 zambarau hafifu. Nimeandika kwenye daftari.

Maswali yangu. Je, hii ndiyo kokoa wanayoiita Criollo? Nasikia kuna vipimo vya vinasaba vinavyoweza kuutambua mti ni wa ukoo gani. Je, vinafanyika hapa Arusha, na majani yanasafirishwaje kutoka Kyela mpaka huku? Na la mwisho, nimwambie nini mdogo wangu? Yeye ndiye anayekaa na shamba na njaa yake. Sitaki kumwambia atunze miti kwa ajili ya kumbukumbu zangu tu.

---

MamaMaabara (Tengeru, Arusha)

Marahaba mwalimu. Pole kwa msiba wa baba, na pole kwa bibi pia.

Nina miaka 19 kwenye maabara ya mimea. Mingi nimeitumia kwenye migomba na kahawa, mitatu kwenye kokoa, na hiyo mitatu ndiyo iliyonifunza kazi. Mdogo wako aahirishe kung'oa. Miche inaweza kungoja kitaluni. Mti wa miaka 50 ukishaangushwa ndiyo basi.

Nianze na hesabu yako ya mbegu 20, maana umefanya jambo kubwa kuliko unavyodhani. Ganda la tunda ni mwili wa mama. Mbegu ni mtoto, ana baba yake. Rangi unayoiona ukikata mbegu ni ya mtoto, na zambarau huitawala nyeupe: mtoto akirithi zambarau kutoka upande mmoja tu, anazaliwa na rangi. Sasa mti wako umezungukwa na mamia ya miti ya zambarau, visubi wanahamisha chavua kutoka ua hadi ua, na bado mbegu 17 kati ya 20 ni nyeupe. Basi baba wa hizo 17 naye alileta weupe. Ama ni mti huohuo umejichavusha, ama ni wenzake wawili walio kando. Kwa hiyo kuna uwezekano mkubwa kwamba mti huo unaikubali chavua yake wenyewe, na mikokoa mingi yenye asili ya Amazoni ya juu haikubali kabisa. Shika hilo, nitalirudia.

Kuhusu Criollo. Aliyokuwa akiyasema bibi yako yanalingana nayo karibu neno kwa neno: mbegu nyeupe, uchungu kidogo, inavunda upesi, ganda lina mifereji na vinundu. Ndiyo kokoa ya kale ya Amerika ya Kati. Lakini huko Bahia, Brazili, kuna mkokoa unaitwa Catongo. Mbegu zake ni nyeupe kabisa, na bado ni Amelonado, ukoo uleule wa kokoa ya kawaida yenye mbegu za zambarau. Ulipoteza rangi tu kwa badiliko la kinasaba. Na wekundu wa ganda nao unaendeshwa zaidi na jeni moja iliyo kwenye kromosomu ya 4. Mkokoa una kromosomu 20, yaani jozi kumi. Ukiuhukumu ukoo mzima kwa rangi ya mbegu na rangi ya ganda umetazama sehemu mbili ndogo sana za kitabu kinene. Mtu anaweza kuwa na pua ya babu yake na asiwe na kingine chochote cha babu huyo.

Hapo ndipo alama za vinasaba zinapofaa. Ndani ya DNA kuna mahali ambapo herufi mbili au tatu zinajirudiarudia, tuseme GAGAGAGA. Mti huu unarudia mara 12, ule mara 19. Marudio hayo kwa kawaida hayabadilishi umbo la mti wala ladha, ndiyo maana yanaachwa yabadilike kizazi hadi kizazi. Tunayaita mikrosatelaiti. Tunakizidisha kipande hicho kwenye mashine ya PCR, tunapima urefu wake, na kila mti unatupa namba mbili, moja ya mama na moja ya baba. Rudia hivyo kwenye sehemu 15, ambazo wataalamu wa kokoa duniani walikubaliana kuzitumia, na mti unakuwa na namba 30 za kujitambulisha. Siku hizi maabara nyingi zimehamia kwenye tofauti za herufi mojamoja kwa sababu ni rahisi kulinganisha matokeo ya Arusha na ya Trinidad bila kubishana. Wazo ni lilelile.

Mwaka 2008 mtafiti Motamayor na wenzake walitoa kazi ya miti 1,241 iliyosomwa kwa alama 106 za namna hiyo. Kabla ya hapo watu waligawa kokoa mafungu matatu: Criollo, Forastero, na Trinitario ambayo ni mchanganyiko wa hizo mbili. "Forastero" kwa Kihispania ni mgeni tu, yaani kila kisichokuwa Criollo kilitupwa humo. Namba zikaonyesha makundi kumi: Marañón, Curaray, Criollo, Iquitos, Nanay, Contamana, Amelonado, Purús, Nacional na Guiana. Mengi yana majina ya mito na sehemu za Amazoni, kwa sababu miti ilijitenga kufuata mabonde. Huyo "mgeni" mmoja alikuwa koo nyingi ambazo hakuna aliyewahi kuziuliza jina. Niliposoma mara ya kwanza nilifikiria migomba yetu huku Meru na Machame, jinsi mtu wa mbali anavyoiita yote "ndizi".

Na kwa nini nakusisitizia using'oe? Kwa sababu kokoa iliyotangulia kuingia Afrika ilikuwa Amelonado, nayo ilipita kwenye tundu la sindano. Mwaka 1822 ilitolewa Brazili ikapelekwa kisiwa cha Príncipe, ikafika São Tomé, ikafika Fernando Po (Bioko ya leo), na mwaka 1879 Tetteh Quarshie akarudi nayo nyumbani Ghana. Miti michache ikazaa mamilioni. Ukiipima Amelonado halisi, namba ya mama na namba ya baba zinafanana karibu kila mahali, zinakaa juu ya mstari mmoja kwenye jeli tunayopimia urefu. Watu walipoanza kuhangaika na magonjwa, ilibidi warudi Amazoni. Mtafiti wa kokoa aitwaye Pound alisafiri huko miaka ya 1930 akitafuta miti inayostahimili, akapeleka mbegu Trinidad, na mwaka 1944 matunda ya uzao wake yakafika Ghana. Sehemu kubwa ya miche chotara ya Afrika Magharibi imejengwa juu ya safari ile. Mti ambao hakuna aliyejua thamani yake ulikuwa umesimama tu mahali fulani kando ya mto, na bahati nzuri hakuna aliyekuwa ameufyeka.

Nyinyi mna mitatu kando ya mto. Inaweza kuwa na damu ya Criollo, inaweza kuwa Trinitario, inaweza kuwa kitu cha kawaida chenye rangi ngeni. Ganda lenye vinundu linanivuta upande wa Trinitario, maana la Amelonado huwa laini. Lakini kusema kwa uhakika kabla ya namba sitasema.

Nikuambie pia yale ambayo vipimo hivi havikuambii, maana watu wengi huja maabara na matumaini makubwa kisha wanaondoka na uchungu. Alama 15 hazitakuambia mti utazaa kilo ngapi. Hazitakuambia kama unastahimili kuoza. Zinasema ndugu ni nani na nani si ndugu, na kama miti miwili ni mmoja. Mengine yote yanatoka kwenye daftari lako na macho ya mdogo wako.

Ila hilo la kujua nani ni nani, usilidharau. Niliwahi kuletewa majani ya miti sita yenye kibandiko kimoja, yote ikisemwa ni klona moja, yaani nakala za mti mmoja. Minne ilifanana namba zote. Miwili haikuwa na udugu wa karibu nayo. Yule baba aliyeyaleta alikuwa ameshabebesha miche zaidi ya elfu moja, yaani kuiunga kwa vikonyo (vitawi) kutoka kwenye hiyo sita, ameigawa kwa jirani zake, watu waliomwamini. Alikaa kwenye benchi la nje muda mrefu bila kusema neno. Makosa ya vibandiko yamekutwa hata kwenye hifadhi kubwa za kokoa duniani, kwa hiyo sikumlaumu, lakini sijaacha kumkumbuka.

Ndiyo sababu hiyo miche 600 inanitia wasiwasi kuliko miti ya babu yako. Chotara ya kweli ina mama anayejulikana na baba anayejulikana, na ua limechavushwa kwa mkono. Muulize mwenye kitalu: mama ni nani, baba ni nani, mbegu imetoka shamba gani? Kama amepasua tu matunda makubwa mazuri ya sokoni, basi kila mche ni mtoto wa baba yake asiyejulikana, na mdogo wako ananunua bahati nasibu. Aulize kituo cha utafiti wa kilimo cha TARI Uyole pale Mbeya, na aulize kama kitalu kimekaguliwa na TOSCI, taasisi ya serikali inayothibitisha ubora wa mbegu. Fedha ni zake, ana haki ya kujibiwa.

---

Mzee_wa_Kibosho (Kibosho, Moshi)

Mwalimu, mimi ni wa kahawa, kokoa nimeiona kwenye kopo tu. Lakini jambo lako nimelipitia.

Kahawa huku Kilimanjaro ilianza Kilema, kwa wamisionari, mwaka 1898. Kituo cha utafiti wa kahawa cha Lyamungu kikaanza 1934. Sisi tumekua na aina za zamani, N39 na KP423, kahawa tamu, lakini chulebuni, ule ugonjwa wa matunda ya kahawa, ikiingia unavuna maganda meusi. Lyamungu wakatoa chotara zinazohimili chulebuni na kutu ya majani, miche ya vikonyo, na mimi ni shahidi kwamba zinafanya kazi. Sijapulizia dawa ya chulebuni kwenye chotara zangu. Kwa hiyo mdogo wako kutaka kitu kipya si kosa, dada yangu, mheshimu kwa hilo.

Tofauti ni kwamba mimi nilijua ninachopewa. Mche ulitoka kwenye mama mmoja aliyejulikana. Na bado niliacha miti 40 ya N39 ya marehemu baba, mstari wa juu karibu na mfereji. Mabwana shamba wa Lyamungu waliwahi kunieleza kwamba arabika yote ilitokana na mkutano wa kahawa mbili tu, ya jamii ya robusta na nyingine iitwayo eugenioides, kwa hiyo mfuko wake wa vinasaba ni mwembamba sana, na hizo chotara zenyewe zilihitaji wazazi wa zamani ili zipatikane. Asingekuwepo aliyetunza wazazi, zisingekuwepo.

Ng'oa kwa vipande. Robo ekari, uone.

---

MwalimuWaIpinda

Asanteni sana. Mama, nimesoma jibu lako mara tatu, mara ya mwisho nikiwa nimempigia mdogo wangu simu namsomea. Alisikiliza. Kitu kilichomgusa ni cha baba wa benchi.

Ana swali, na mimi nina jingine. Yeye anasema: kama hiyo mitatu ni mizuri, si tuchukue vikonyo vyake tubebeshe shamba zima? Mimi nauliza: je, siwezi kutuma mbegu zake kwenye ile benki ya mbegu ya taifa hapo Ngaramtoni, zikahifadhiwa hata sisi tukipotea? Na kuhusu kusafirisha majani, nasikia hukaushwa kwanza, basi nimekusanya vile vifuko vyeupe vya kunyonya unyevu vya kwenye maboksi ya viatu, nimepata 30. Vinatosha?

---

MamaMaabara

Mwambie asibebeshe shamba zima kutoka mti mmoja. Nilisema nitarudi kwenye chavua. Hesabu yako inaonyesha miti hiyo huenda inajikubali, lakini tumekata tunda moja. Ikitokea haijikubali, atapata maua mengi na matunda machache sana, miaka mitatu imepotea. Na hata kama inajikubali, ugonjwa ukiipata mmoja umeipata yote. Abebeshe kumi kumi, achanganye na ile ya zambarau inayozaa vizuri na isiyooza sana. Ipo, kila shamba inayo, yeye anaijua. Akipanda mbegu badala ya kikonyo asitegemee kupata mti uleule.

Kuoza hakuletwi na ukoo tu. Avune kila wiki mbili, matunda meusi ayatoe shambani ayafukie, apunguze matawi ya miembe hewa ipite. Afanye hivyo masika moja kabla hajauhukumu mti.

Ngaramtoni haitawezekana kwa mbegu, mwanangu, na natamani ingewezekana. Mtama, maharage, ulezi unazikausha, unazigandisha, zinakungoja miaka. Mbegu ya kokoa ukiikausha imekufa, ukiiweka kwenye baridi kali imekufa. Hifadhi ya kokoa ni shamba lenye miti iliyosimama. Trinidad wanayo yenye aina zaidi ya 2,000, kila moja inapaliliwa. Hifadhi ya hiyo mitatu yenu kwa sasa ni nyuma ya jiko la bibi, na mlinzi ni mdogo wako.

Vifuko vya viatu havitoshi, na pengine vimeshanyonya unyevu. Silika, zile chembe za ndani zinazonyonya unyevu, inatakiwa iwe na uzito mara kumi ya jani. Pita kwangu nikupe ile ya bluu. Ikigeuka waridi ujue imeshiba, ibadilishe. Chukua jani lililokwishatanuka lakini bado laini, si lile jekundu linaloning'inia, si lile kongwe gumu. Kata vipande vyembamba, bahasha ndogo ya khaki, kisha kwenye mfuko wenye silika, usiku huohuo. Kokoa ina utelezi. Mara ya kwanza niliitwanga mbichi nikapata mlenda, ukageuka rangi ya chai ya rangi mbele ya macho yangu, na hakuna PCR inayokubali kitu kama kile. Jani lililokaushwa haraka linanipa nafasi, nina chumvi na kloroformu za kumaliza yaliyobaki.

Kila mti namba yake, iandikwe mtini, kwenye bahasha na kwenye daftari. Usiandike "Criollo" popote. Andika namba tu.

---

MwalimuWaIpinda

Nimerudi jana usiku. Siku mbili njiani, mfuko wa majani miguuni pangu muda wote.

Tumeweka namba miti 30. Tulikata vipande vya bati, mdogo wangu akazichonga kwa msumari. 1, 2 na 3 ni ile ya nyuma ya jiko. 4 mpaka 30 tulichagua pamoja, kila mstari mmoja au miwili. Silika niliibadilisha mara moja, Mbeya.

Nilipasua matunda mengine kama ulivyonishauri kwa simu. Mti wa 1: mbegu 34, nyeupe 29. Mti wa 3: mbegu 31, nyeupe 30. Mti wa 2, ule wa Pasaka, haukuwa na tunda lililoiva.

Kitalu hakikuweza kutaja mama wala baba. Mdogo wangu amechukua miche 300 ambayo fedha yake ilikuwa imeshatoka, ataipanda upande wa barabarani peke yake, na iliyobaki ameiacha. Mwezi wa saba hang'oi.

Halafu kuna mti mmoja ambao mimi sikuwa nimeuwaza kabisa. Upo kwenye kona, karibu na mpaka wa jirani, matunda ya kijani ya kawaida, mbegu zambarau. Yeye ndiye aliyeniongoza mpaka pale. Anasema masika zote mbili ulioza matunda mawili tu, wakati jirani zake wote waliisha. Alikuwa hajamwambia mtu. Ndio namba 30, na ameniomba nikuulize kama unaweza kuanza na huo.

---

MamaMaabara

Nitaanza na huo. Mwambie aendelee kuuhesabia matunda yaliyooza, mwaka huu na ujao, pamoja na majirani zake wanne, aandike tarehe.

Jumatano saa nane nitakuwa njia panda ya Tengeru, upande wa sokoni. Kama unakuja na daladala usiuweke mfuko kwenye dashibodi juani. Na daftari ulete, si bahasha tu.